Nyumba Njema si Mlango: Wanafunzi wa Kike wa Kiswahili na Safari ya Lamu

Wahenga walinena kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure. Methali hii hutajwa sana katika vyuo vikuu vya Kenya pale wanafunzi wa Kiswahili wanapochangishana nauli ya kwenda pwani. Wazo lenyewe ni zuri, kwani mwanafunzi wa lugha hakamiliki mpaka awafikie wenye lugha. Hata hivyo, ipo haja ya kuuliza safari hizo huwa za namna gani, huwafikisha wapi wanaozifanya, na ni nani kati yao hurejea akiwa amejua jambo ambalo asingelipata maktabani.

Safari ya kawaida inafahamika. Basi la watu sitini hung'oa nanga Ijumaa jioni na kufika Mombasa alfajiri. Wanafunzi huongozwa hadi Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, wakaelezwa habari za mizinga na mazingiwa. Baadaye huupitia Mji wa Kale kwa mwendo wa kukimbizana na saa, wakapiga picha mbele ya milango iliyonakshiwa, wakanunua leso mbili tatu, na Jumapili usiku wamo njiani kurudi. Jumatatu wanasinzia darasani. Wakiulizwa walichojifunza, wengi hutaja tarehe za Wareno, ambazo zimo katika vitabu vya shule, na ladha ya chakula cha pwani.

Hapana anayeweza kudai kwamba safari hizo hazina faida yoyote. Mwanafunzi aliyelelewa bara na ambaye hajaiona bahari hupata angaa taswira ya mahali zilikotoka tungo anazozichambua. Lakini Waswahili wana methali nyingine inayoifaa hali hii: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Safari ya basi zima huishia mlangoni. Makala haya yanatetea safari ya aina nyingine: wanafunzi wa kike wachache, wasiozidi wanane, kukaa katika mji mmoja wa kale kwa siku zisizopungua kumi, bila pupa, kwa nia ya kujifunza. Mji unaopendekezwa ni Lamu.

Kwa Nini Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kilichotambuliwa si magofu, kwa maana magofu yako kwingi pwani, bali ni mji wa Waswahili ambao watu wangali wanauishi. Nyumba zake kongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikaezekwa kwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa vyumba, na ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Vichochoro vyake ni vya watu na punda. Ngome yake, ambayo ujenzi wake ulikamilika mnamo 1821, ilitumiwa kama gereza hadi mwaka 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mtaa wa Mkomani upande wa kaskazini na ule wa Langoni upande wa kusini kila mmoja una historia yake, na mgeni aliyekaa siku moja hawezi kuitambua tofauti hiyo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, Lamu ina uzito mwingine. Kiamu ni miongoni mwa lahaja zilizobeba ushairi mkongwe zaidi wa lugha hii. Katika mihadhara ya isimujamii, mwanafunzi hupewa orodha: njia ni ndia, nchi ni nti, juu ni yuu, vitu ni zitu. Huikariri, akaiandika katika mtihani, akapata alama zake. Hata hivyo orodha si lugha. Mwanafunzi huyo hajapata kumsikia mwanamke mzima akimkanya mjukuu kwa Kiamu, wala akitania, wala akiomboleza. Anaijua lahaja kama daktari aijuavyo mifupa ya maiti.

Isitoshe, Lamu inabadilika, na inabadilika upesi. Gati ya kwanza ya bandari mpya iliyojengwa upande wa bara, Kililana, ilizinduliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, kwa miongo kadhaa, nyumba nyingi za kale za Mkomani na za kijiji cha Shela zilikuwa zimeanza kununuliwa na wageni na kugeuzwa makao ya likizo au hoteli. Nyumba inapogeuzwa hoteli, kuta husalia na pengine hutunzwa vizuri kuliko awali. Kinachohama ni maneno. Chumba kilichoitwa ndani, ambamo mtoto alizaliwa na maiti alioshwa, huwa chumba cha kukodishwa kwa usiku mmoja. Mwenye kulijua neno hilo kwa maana yake yote ni yule aliyelala humo akiwa mwari, akajifungulia humo, na ambaye sasa ni ajuza. Umri haumngoji mtafiti.

Maarifa Yaliyo Ndani

Yamkini msomaji atauliza kwa nini safari hii iwe ya wanawake. Jibu limo katika ujenzi wa nyumba yenyewe. Nyumba ya kale ya Lamu humpokea mtu kwa hatua. Kwanza kuna daka, kibaraza kilichofunikwa mbele ya mlango, ambapo mwanamume asiye wa jamaa hukaribishwa, akaketi, akaongea, akanywa kahawa, akaondoka. Baada ya mlango kuna tekani, kijia kinachopinda ili mpita njia asiweze kuona yaliyomo. Kisha kuna kiwanda, ua lililo wazi juu, halafu misana, kumbi ndefu zinazofuatana, na mwishowe ndani, penye zidaka zilizochongwa ukutani kwa lipu. Kati ya nyumba na nyumba, juu ya kichochoro, huenda pakawa na daraja liitwalo wikio, lililowawezesha wanawake kutembeleana bila ya kushuka njiani. Usanifu huu umeandikwa kwa kina na wataalamu, akiwemo Usam Ghaidan aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu mji wa Lamu mwaka 1975.

Ni wazi basi kwamba mtafiti mwanamume, awe na bidii na adabu kiasi gani, kwa kawaida hufanya kazi yake barazani na msikitini. Huko hupata mengi: mashairi ya siasa, nasaba za koo, historia za vita, elimu ya ubaharia. Lakini nyimbo za vugo, ambazo wanawake huziimba harusini huku wakigonga pembe kwa vijiti, huzisikia kwa mbali. Mafunzo ambayo somo humpa mwari hayasikii kabisa. Lugha ya kumpamba bibi arusi kwa hina na piko, ya kulea mzazi na mtoto katika siku arobaini, ya kusuka ukili, ya kukuna nazi na kutenga tui zito na jepesi, humpita. Sehemu kubwa ya fasihi simulizi ya Waswahili imo katika vyumba ambavyo aghalabu havikufunguliwa kwa walioiandika.

Si kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na wanawake wa Mombasa, wakarekodi simulizi za maisha yao kwa Kiswahili, na hatimaye kukatokea kitabu kuhusu wanawake watatu, kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Wasimulizi ni Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Katika simulizi zao, historia ya mji haianzi na gavana wala sultani. Inaanza na ndoa, talaka, ngoma za lelemama, uzazi, na mashindano baina ya vyama vya wanawake. Mambo haya hayakuwa siri. Hakuna tu aliyekuwa ameketi kwa muda wa kutosha na kuuliza.

Simulizi hizo zinafunza jambo jingine ambalo safari ya haraka hulificha. "Mwanamke wa Kiswahili" si mmoja. Mishi wa Abdala alikuwa wa kizazi cha watumwa, na maisha aliyoyasimulia hayakufanana na ya wale waliozaliwa katika koo za waungwana. Mwanamke muungwana aliweza kukaa ndani kwa sababu alikuwako mwanamke mwingine, mtumwa, aliyekwenda kisimani na sokoni kwa niaba yake. Alipotoka, huenda alitembea chini ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema ambacho watumwa walikishika kwa miti kumzunguka. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907, lakini kumbukumbu zake hazikufutwa kwa sheria. Mgeni anayepigwa na bumbuazi mbele ya zidaka bila ya kuuliza ni nani aliyezipangusa vumbi amejifunza nusu ya historia.

Mfano wa Mwana Kupona

Hakuna utungo unaodhihirisha pengo hili kama Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akamwusia bintiye Mwana Hashima. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, na tangu hapo umefundishwa kizazi baada ya kizazi. Katika madarasa mengi mjadala wake huwa wa aina moja: mwanamke huyu anamfundisha binti utiifu kwa mume, je, tukubali au tukatae? Wanafunzi hugawanyika pande mbili, kengele ikalia, wakatoka.

Wako wahakiki waliouhoji usomaji huo. Ann Biersteker, kwa mfano, katika makala yake ya mwaka 1991 aliwataka wasomaji wautazame upya utendi huu kwa kuzingatia lugha yake na suala la mamlaka. Hata hivyo, hoja inayoletwa hapa ni nyepesi zaidi. Utendi huu ni usia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Ulitungwa ndani, ukasomwa ndani, na kwa muda mrefu wanawake wa Lamu na visiwa jirani wameurithishana kama jambo la kifamilia na la dini. Mwanafunzi wa kike anayeusikia ukisomwa na mwanamke aliyefunzwa na mamaye, mahali ambapo msomaji husita, hucheka, au huongeza neno lake, anapata data ambayo hakuna mhadhiri awezaye kuiandika ubaoni. Huenda akarudi na msimamo uleule aliokwenda nao. Lakini utakuwa msimamo uliopata kujibiwa.

Uchache na Utaratibu

Kwa nini wasizidi wanane? Sababu ya kwanza ni adabu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wasema Waswahili, lakini wageni sitini humfanya mwenyeji augue. Wageni wanne huketi mkekani na kula katika sinia moja. Wakiwa wanane hugawanyika nyumba mbili za jirani. Idadi hiyo ikipita, mwenyeji hulazimika kuwaandalia viti, kuajiri mpishi na kuteua msemaji, na papo hapo ziara hugeuka kuwa hafla. Katika hafla watu hutoa hotuba. Jikoni watu huongea.

Sababu ya pili ni ya kielimu. Katika kundi kubwa la wanafunzi kutoka chuo kimoja, lugha ya kundi ndiyo hutawala. Wao kwa wao huongea Sheng na Kiingereza kutoka kituo cha basi hadi hotelini, na mji hubaki kuwa picha iliyo nyuma yao. Wanapokuwa wachache na kutawanywa, kila mmoja hulazimika kuomba maji kwa Kiswahili, kukosea kwa Kiswahili, na kurekebishwa kwa Kiswahili.

Na kwa nini polepole? Kwa sababu maarifa ya nyumbani hayana saa za kufunguliwa. Makumbusho hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, nayo yafaa yatembelewe: jumba la makumbusho lililo ufuoni, ngome, na nyumba ya Waswahili iliyokarabatiwa. Mwanamke wa nyumba, kinyume chake, asubuhi anapika, adhuhuri anaswali na kupumzika, alasiri anapokea majirani. Saa ya mazungumzo huja inapotaka kuja, mara nyingi kazi ikiwa mikononi. Mgeni wa siku moja akiuliza swali hupewa jibu la wageni. Siku ya nne, akiwa amekwisha kuchambua mchele na kutumwa dukani, huanza kusikia jibu la wenyeji. Mgeni siku mbili, wasema wahenga, siku ya tatu mpe jembe, na katika safari hii jembe lenyewe ndilo somo.

Kukaa kunampa mwanafunzi pia nafasi ya kusahihishwa. Chukua neno shiraa lililotajwa awali. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni tanga. Mwanafunzi akilisikia siku ya pili aweza kudhani anasimuliwa habari za jahazi, akaandika hivyo daftarini. Mwenye safari ya siku mbili hurudi na kosa hilo chuoni, akalitia katika tasnifu. Mwenye siku kumi hulisikia tena siku ya sita katika simulizi ya harusi, akashangaa, akauliza, akafuta. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kunahitaji wakati wa kugundua kwamba mtu hajui.

Pingamizi na Majibu

Pendekezo hili halikosi wapinzani, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Kuna watakaosema kuwa huu ni ubaguzi dhidi ya wanafunzi wa kiume. Hoja hii ingekuwa na mashiko iwapo wanaume wangenyimwa safari. Hawanyimwi. Lipo kundi lao linaloweza kwenda wakati uohuo, likaketi barazani, likaenda Matondoni kuwatazama mafundi wa majahazi, likajifunza msamiati wa mbao, kamba na pepo. Makundi hayo mawili yakirejea chuoni na kulinganisha madaftari yao, semina itakayofuata itakuwa na picha kamili ya mji. Safari ya pamoja, licha ya sura yake ya usawa, huwapeleka wote barazani na kuuacha upande wa ndani bila mtu.

Wengine watataja gharama. Ni kweli kwamba Lamu ni mbali: basi hadi Mokowe, kisha boti. Ni kweli pia kwamba fedha za chama huwa haba, na kuwapeleka wanane huku wengi wakibaki kwaweza kuzua manung'uniko. Jambo hili lisifunikwe kwa maneno matamu. Watakaobaki watakuwa wameachwa. Kinachopasa kuulizwa ni chama kinanunua nini kwa fedha zake. Kikiwapeleka sitini, kinanunua burudani ya sitini. Kikiwapeleka wanane wenye wajibu wa kurudi kufundisha, kuandika na kuhifadhi, kinanunua maarifa yatakayowafaa hao sitini na watakaokuja baada yao. Uteuzi na ufanywe hadharani, kwa insha na mahojiano, ili asiwepo anayedhani nafasi zilipeanwa kwa kujuana.

Pingamizi la tatu ni usalama, nalo halistahili kupuuzwa. Mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, yaliua watu zaidi ya sitini katika eneo la bara la kaunti hiyo, na amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata iliuumiza uchumi wa mji wa Lamu kwa muda mrefu. Mzazi anayekumbuka hayo ana haki ya kusitasita. Waandaaji nao wana wajibu wa kuulizia hali ya barabara kwa mamlaka husika kabla ya kukata tiketi, kusafiri mchana, na kuahirisha safari bila aibu hali isiporidhisha. Wakati kama huo, Mji wa Kale wa Mombasa unaweza kuchukua nafasi ya Lamu, mradi mtindo uwe uleule wa wachache na polepole.

Ila ipo hofu nyingine inayojificha nyuma ya hofu ya usalama. Katika jamii nyingi za Kenya, binti wa chuo kikuu hupewa ruhusa ya kusafiri usiku kucha kwenda kwenye mazishi ya ami au arusi ya binamu, na hakuna anayehoji. Akisema anasafiri kwenda kujifunza, ghafla njia huwa na simba. Ndugu yake wa kiume haulizwi. Matokeo yake ni kwamba wanawake, ambao ni wengi katika madarasa ya Kiswahili, huwa wachache katika utafiti wa nyanjani, na wanapofika uzamili huchagua mada za maktabani si kwa kupenda bali kwa kuepuka vita nyumbani. Safari ya wanawake wachache, wakiongozwa na mhadhiri mwanamke na kukaa na familia zinazojulikana, ni njia ambayo mzazi wa bara na mwenyeji wa pwani wote wanaweza kuikubali. Hilo si kusema kwamba mwanamke hapaswi kusafiri peke yake. Ni kusema tu kwamba mlango huu uko wazi leo, na kuungoja ufunguke mwingine ulio bora ni kuwachelewesha walio hai.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu zaidi: kwamba hata safari hii ni utalii wa namna yake. Wanafunzi watakuja, watachota, watakwenda, na mwanamke wa Langoni atabaki na vyombo vya kuosha. Historia ya utafiti pwani inaipa nguvu hoja hiyo, kwani kuna miswada na kanda nyingi zilizoondoka bila ya nakala kurudi. Jibu lake haliwezi kuwa ahadi tupu. Linapaswa kuwa masharti yanayojulikana kabla ya safari. Kinasa sauti kisiwashwe bila ya idhini, na picha isipigwe bila ya kuuliza. Kunga zibaki kunga, kwani si kila kinachosikika ni cha kuandikwa. Anayesimulia ndiye aamue kama jina lake litajwe. Kila kilichoandikwa kirudi Lamu kwa Kiswahili, kikiwa kimechapishwa vizuri, ili wenyeji wakisome na kukisahihisha.

Zaidi ya hayo, wenyeji walipwe. Baadhi ya wanachama watashtuka wakidhani malipo yatauharibu ukarimu. Lakini mhadhiri anayefundisha lahaja darasani hulipwa mshahara, na hapana anayedhani kuwa mshahara huo unamwondolea upendo wa kazi. Mwanamke anayefundisha lahaja iyo hiyo akiwa jikoni pake, kwa siku kumi, na kwa umahiri ambao mhadhiri hana, naye ni mwalimu. Kumpa leso moja na shukrani nyingi, kisha kumlipa mwenye hoteli kwa kitanda, ni kutangaza kwa vitendo ni elimu ya nani inayohesabiwa.

Yapasayo Kutendwa

Vyama vya Kiswahili vyuoni havihitaji kungoja sera ya serikali ili vianze. Mambo machache yanatosha. Mosi, chama kitenge sehemu ya fedha za safari za mwaka kwa ajili ya kundi moja la wanawake wanane na mhadhiri wao. Pili, mawasiliano na familia za wenyeji yaanze miezi mingi kabla, kupitia wanafunzi na wahitimu waliotoka Lamu, na wenyeji wapewe nafasi ya kusema wangependa kufundisha nini na wasingependa kuulizwa nini. Tatu, wateule wajiandae kwa muhula mzima: wasome Kiamu, wasome historia ya mji, wajue adabu za mavazi, salamu na swala, hata kama si Waislamu. Nne, safari isijazwe ratiba. Siku tatu za makumbusho na za kuuzunguka mji zatosha. Zilizobaki ziachiwe nyumba. Tano, kila msafiri arudi na daftari la maneno yasiyopungua hamsini aliyoyasikia yakitumika, pamoja na sentensi alizoyasikia ndani yake, na madaftari hayo yahifadhiwe katika maktaba ya idara kwa idhini ya waliotoa maneno hayo.

Kazi hii ikifanywa miaka mitano, idara itakuwa na wanawake arobaini walioonja utafiti wa nyanjani kabla ya kuhitimu, na hazina ya maneno na simulizi iliyokusanywa kutoka upande wa nyumba ambao haujaandikwa vya kutosha. Isipofanywa, mabasi yataendelea kwenda na kurudi, na Utendi wa Mwana Kupona utaendelea kujadiliwa na watu ambao hawajapata kuketi na mjukuu wa wale uliowausia. Viongozi wa vyama wanaoandaa bajeti za mwaka ujao wana la kuamua, na wakati wa kuliamua ni kabla ya basi kukodishwa.